Fundi Viatu Aliyepima Gundi kwa Sigara

Saa tatu asubuhi, chini ya ngazi za jengo la ofisi lenye ghorofa tano, fundi viatu anapaka gundi kwenye soli. Anaipaka kwa brashi fupi, kuanzia kisigino kwenda vidoleni, kisha anapaka chini ya kiatu chenyewe. Vipande hivyo viwili anaviweka juu ya ubao, kimoja kando ya kingine, upande wenye gundi ukitazama juu. Havigusani.

Sasa hana la kufanya ila kungoja.

Mkono wake wa kulia unapanda wenyewe hadi mfuko wa shati na kupapasa. Unatoka na kipande cha tangawizi kavu, anakitia mdomoni na kukitafuna taratibu. Kisha anamgeukia mteja, mama wa makamo aliyekaa kwenye kigoda, mguu mmoja ndani ya kandambili ya kuazimwa.

"Hivi viatu, mama, vimekutembeza wapi mpaka vikalika upande mmoja tu?"

"Vimenitembeza wapi? Vimenisimamisha," anajibu mama. "Mimi ni mwalimu, fundi. Miaka yote naegemea meza kwa upande huo."

"Upande wa mlangoni au wa dirishani?"

"Wa dirishani. Huko ndiko wanakokaa wasumbufu."

Fundi anacheka mpaka tangawizi inataka kumpalia. Anagusa gundi kwa mgongo wa kidole. Inanata, inavuta nyuzi nyembamba. Bado. Anauliza habari za wasumbufu, na mwalimu anazo za kutosha. Anapogusa mara ya pili kidole kinatoka kikavu. Anavigandamiza vile vipande, anakitia kiatu kwenye kalibu ya chuma na kukipiga nyundo, kingo kwanza, katikati baadaye.

Mwalimu anavaa kiatu chake, anakanyaga sakafu mara mbili kukijaribu, anaondoka. Hajui kwamba wakati akisimulia habari za darasa lake, mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa akipigana na hamu ya sigara, na kwamba hadithi yake ndiyo iliyomvusha.

Watu wa jengo hili humwita fundi huyu Kisigino. Jina hilo lilitokana na kibao chake cha kwanza. Mchoraji alianza kuchora kiatu kwa nyuma, mvua ikaanza, akafungasha rangi zake na hakuonekana tena. Kisigino peke yake kikabaki ukutani kwa miaka, na hata kibao kilipong'olewa jina halikung'oka.

Ana umri wa miaka hamsini na miwili. Ni mwembamba, mtaratibu wa kusema, na vidole vyake vina madoa ya dawa ya viatu ambayo sabuni imeshakata tamaa nayo. Alianza kuvuta akiwa kijana, mwezi uleule alioanza kujifunza kazi.

"Fundi aliyenifundisha alikuwa na kanuni moja," anasimulia. "Paka gundi, toka nje, vuta sigara moja, rudi ubandike. Ukiwahi, soli itaachia. Ukichelewa, haitashika. Na nje lazima utoke, kwa sababu gundi hii na moto havikai pamoja."

Kanuni ilifanya kazi, na Kisigino hakuwa na sababu ya kuihoji. Kila kiatu cha kubandika kilikuwa na sigara yake. Kwa siku nzuri hupokea jozi kumi na mbili hadi kumi na tano, na alipochoka au kukosana na mteja aliongeza nyingine ya kutuliza moyo.

"Mimi nilifundishwa ufundi na sigara kwa mkupuo mmoja," anasema. "Sikujua kwamba ni vitu viwili."

Kilichomshtua hakikuwa kifua chake mwenyewe, ingawa alishaanza kupumzika kila ghorofa anapopanda kwenda nyumbani. Kilikuwa kifua cha mkewe.

Mkewe hushona sare za shule chumbani kwao. Ana pumu, na mwaka jana ilimzidi, akawa analala ameegemea mito kama mtu aliye safarini. Kisigino alimsindikiza kliniki. Muuguzi, dada mwenye sauti ya upole, alimuuliza mgonjwa maswali mengi, na mojawapo lilikuwa: nyumbani kwenu kuna anayevuta sigara?

"Mke wangu aliniangalia," anasema Kisigino. "Kisha akamgeukia muuguzi, akajibu, 'Hapana, hakuna.' Nami nimekaa palepale, pakiti iko mfukoni, nanuka kama jiko la kuni."

Anafuta brashi kwa kitambaa.

"Hakuwahi kunigombeza hata siku moja. Lakini kunisitiri vile, na pumzi yenyewe hana? Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona."

Mkewe, akizungumza huku mguu ukiwa kwenye cherehani, anaeleza jambo hilo kwa maneno machache zaidi. "Ningemsemea vipi mume wangu mbele ya mtu? Nilijua amesikia. Yule si mtu wa kuambiwa kitu mara mbili. Hata mara moja haambiwi, anaambiwa nusu."

Siku chache baadaye Kisigino alirudi kliniki peke yake. Alimwambia muuguzi kwamba ana rafiki yake anayetaka kuacha sigara.

Muuguzi hakumkatiza. "Mwambie rafiki yako," alisema, "hamu ikija haikai siku nzima. Inapanda, inafika juu, inashuka, na yote hayo ni dakika chache tu, avute asivute. Asishindane nayo kwa nguvu, aicheleweshe. Anywe maji, apumue polepole, awe na kitu mkononi na kitu mdomoni. Ajue pia saa zake na mahali pake, maana ina mazoea. Na ikimshinda, aje, zipo dawa za kumsaidia. Si aibu."

Kisigino alishukuru. Alipofika mlangoni muuguzi akaongeza, "Na umsalimie mke wa rafiki yako."

Aliacha. Nyumbani aliweza, na njiani aliweza. Alishindwa mahali pamoja tu, palepale mezani pake, katikati ya gundi mbichi na gundi kavu.

Hapo ndipo hamu ilipokuwa ikimngojea. Kila alipomaliza kupaka, mwili wake ulijua kinachofuata, na kilipokosekana ulianza kudai. Kinywa kilikauka, mkono ukapapasa mfuko. Akaona njia ya kuukwepa muda huo ni kuufuta kabisa. Akawa anabandika gundi ikiwa bado mbichi.

"Nilikuwa nabandika ili nisingoje," anakiri. "Mkononi kiatu kinaonekana kizima. Kinampeleka mtu mpaka kazini, halafu kinamwachia huko."

Viatu vikaanza kurudi vikiwa vimefunua midomo. Katika kila jozi tano, moja ilirejea, na kuirudia ilikuwa kazi ya bure. Jirani yake wa kazi, mchonga funguo anayeitwa Makufuli, mwenzake wa kuvuta tangu zamani, hakuacha nafasi ipite.

"Kisigino, viatu vyako siku hizi vinapiga miayo. Huvipi usingizi?"

"Wewe chonga funguo."

"Nachonga. Zangu angalau zikiingia zinakaa."

Kisha yakatokea ya refa. Mteja huyu wa miaka mingi huchezesha mechi za mtaani, na kiatu chake cha kulia kilikuwa kimebandikwa na Kisigino siku mbili kabla ya mchezo. Kipindi cha pili mchezaji aliangushwa ndani ya eneo la hatari. Refa alipuliza filimbi, akakimbia kuelekea penye alama, akanyoosha mkono kuonyesha penalti, na soli nayo ikanyoosha ulimi. Alianguka kifudifudi mbele ya uwanja mzima. Timu iliyoadhibiwa ilidai aliteleza hata kabla ya kuona vizuri. Watazamaji walicheka mpaka mpira ukasimama.

Refa alikileta kiatu chini ya ngazi kikiwa kwenye mfuko wa plastiki, kama mtu aletaye ushahidi.

"Fundi, nimetukanwa miaka yote kwa maamuzi yangu," alisema. "Hii ni mara ya kwanza natukanwa kwa ajili ya yako."

Hakupaza sauti. Kisigino anasema afadhali angepaza.

Refa alipoondoka, Makufuli alisogea na pakiti yake. Hakuwa na nia mbaya. "Moja tu, ndugu yangu. Ubandike kiatu cha watu kikae, yaishe." Kisigino alipaka gundi, akatoka nje, akavuta, akarudi, akabandika. Soli ilishika kama imezaliwa pale.

"Hapo ndipo nilipoogopa," anasema. "Ingeachia, ningesema basi, sigara haina maana. Lakini ilishika. Nikaona ni lazima nichague, mkono wangu au kifua cha mke wangu."

Jioni hiyo alikaa kwenye ngazi za nyumba wanayoishi akingoja harufu imtoke. Mkewe alifungua mlango. "Ingia. Nimekusikia tangu uko chini. Chakula kinapoa."

Alipomaliza kula alimweleza yote, refa na penalti na soli iliyoshika. Mkewe alimsikiliza akiwa ameshika sindano, kisha akauliza swali ambalo Kisigino analirudia hadi leo akitikisa kichwa.

"Kwani hiyo gundi inajua kama wewe unavuta?"

"Haijui."

"Sasa ukiwa pale nje unavuta, unafanya nini kingine?"

"Sifanyi kitu. Nakaa. Naangalia miguu ya watu inavyopita."

"Basi, baba watoto, kaa. Angalia miguu."

Haikuwa rahisi kama ilivyosemwa. Siku ya kwanza alikaa akaangalia miguu, na hamu ikaja ikakaa naye. Alikunywa maji. Akatafuna tangawizi. Mbele yake alikuwapo tarishi akingoja viatu vyake, na Kisigino, kwa kutafuta tu neno la kupitisha wakati, akamuuliza vilikomtembeza.

Tarishi alianza na barabara ya soko, akapanda vilima vya hospitali, akaingia nyumba yenye mbwa asiyependa bahasha. Kisigino alisahau kupapasa mfuko. Alipokumbuka gundi, aligusa kwa mgongo wa kidole. Ilikuwa tayari, na sigara haikuwapo.

"Miaka thelathini natengeneza viatu," anasema, "na sikuwahi kuuliza vinakwenda wapi. Wakati wa kuuliza nilikuwa nje navuta."

Tangu hapo amejua mengi. Visigino vya mabawabu huisha kabla ya kitu kingine chochote, na madereva hula kiatu cha kulia kwenye ukingo wa nyuma, pale kinapoegemea sakafu ya gari. Kijana mmoja hutoboa kidole gumba kila mara, kwa sababu hujifunza ngoma usiku kwa kupiga mguu ukutani, na majirani wanamjua.

Jambo jingine lilimshangaza. Pua yake ilirudi.

"Nilikuwa sijui kazi yangu inanuka," anasema, bila tabasamu hata kidogo. "Miaka yote hiyo sigara ilikuwa inanificha viatu vya watu. Wiki ile pua ilipozibuka, nilitaka kubadili kazi."

Hamu haijaisha. Huja akibishana na mteja, huja mvua ikinyesha, na zaidi huja Makufuli anapowasha ya kwanza asubuhi. Makufuli mwenyewe amehamishia uvutaji wake nyuma ya jengo. "Sitaki lawama za shemeji," anaeleza. Lakini hivi karibuni ameanza kuja kukaa kwenye kigoda wakati gundi inakauka, sigara ikiwa sikioni haijawashwa, kusikiliza habari za miguu ya watu.

Saa tano kasoro, refa anatokea na mfuko wake wa plastiki. Safari hii ni kiatu cha kushoto. Anakiweka mezani na kumtazama fundi usoni.

"Jumamosi nachezesha fainali," anasema. "Ningeweza kukipeleka kwingine."

"Najua."

"Nimekileta hapa."

Kisigino anaisugua soli kwa msasa, anafuta vumbi, anapaka gundi. Vipande viwili vinalala juu ya ubao. Mkono unapanda mfukoni. Anatia tangawizi mdomoni, anavuta pumzi ndefu, anaishusha polepole. Makufuli, kutoka kwenye kibanda chake, ameacha kuchonga.

"Hebu niambie, refa," anasema Kisigino, na sauti yake imekauka kidogo. "Ile penalti. Ilikuwa halali?"

Refa anavuta kigoda, anakaa. Anaeleza beki alikosimama, mguu gani uligusa mpira na mguu gani uligusa mtu. Anasimama kuonyesha. Makufuli anapinga kutoka mbali, anasema yeye alikuwapo uwanjani, na refa anamrudishia kwamba alikuwa upande wa jua. Wanabishana hivyo mpaka Kisigino anaponyoosha mkono na kugusa gundi. Bado. Anawaacha waendelee. Anagusa tena. Kidole kinatoka kikavu.

Nyundo inalia chini ya ngazi, kingo kwanza, katikati baadaye.

Mipango yake si mikubwa. Anataka kubadilisha kigoda kwa benchi, kwa kuwa wanaongoja sasa ni wengi kuliko viatu. Lakini kinachomkaa rohoni kiko wiki ijayo, mkewe atakaporudi kliniki. Ameshamwambia kwamba siku hiyo hafungui kazi, watakwenda wote.

"Nataka nikae kwenye kiti kilekile," anasema, akikitoa kiatu cha refa kwenye kalibu na kukikunja kwa mikono miwili kujaribu soli. Haiachii. "Nataka muuguzi aulize tena lile swali, kama nyumbani kuna anayevuta. Na mke wangu ajibu vilevile alivyojibu."