Sweta ya Kijani

Mwaka mzima nilishona, nikatia viraka, nikafuma vitambaa vya makochi, hadi sifa zikanipanda kichwani. Watu waliniletea sweta kuukuu nizifumue nipate uzi. Basi mama mkwe alipokuja Kakamega kutoka Kabras na sweta ya kijani iliyotoboka kiwiko, akasema, "Nimekuletea kazi, mama," sikuuliza. Mjinga mimi! Niliifumua yote, nikapata vitambaa sita.

Jumapili alikuja tena. Nikamkalisha kwenye kochi, nikamwonyesha vitambaa kwa madaha. Akakipapasa kimoja, akauliza:

"Na sweta ya mzee iko wapi? Nilitaka uzibe kiwiko tu. Tangu tumzike, ni hiyo pekee imebaki na harufu yake."

Uzi wote nilikuwa nimeufua kwa sabuni, mara tatu.