Ufunguo wa Ofisi Tisa

Kwa miezi minane sikuoga bila simu. Niliifunga kwenye mfuko wa mkate, nikautundika kwenye msumari wa mlango wa bafu, nikaoga nimeitolea macho. Mama mwenye nyumba wangu, mtu mzima wa pale Tabora mjini ambaye hakuna la mpangaji lisilomfikia, aliniuliza siku moja kama nimepata mchumba mwenye wivu. Nikamwambia ninao tisa.

Tisa zilikuwa ofisi tulizozihudumia. Bosi wangu, ambaye mimi na mji mzima tunamwita mzee, alianza maisha kama fundi redio, akaingia kwenye taipureta, kisha kompyuta, na bango la duka lake sasa linasema ni kampuni. Wafanyakazi tulikuwa wawili, mimi na bwana mmoja wa kuvuta nyaya ambaye akiona kioo cha kompyuta anatafuta ngazi apande zake darini. Wateja wetu walitawanyika kutoka Tabora hadi Igunga: shule ya sekondari, kituo cha afya Nzega, wanunuzi wa pamba, wauza asali, na wengine wa aina hiyo.

Kila ofisi ilikuwa na mashine moja imefungiwa kabatini, na mashine hiyo iliwajua wafanyakazi wote: nani ni nani, neno lake la siri ni lipi, anaruhusiwa kufungua nini na nini asikiguse. Ukiketi asubuhi mbele ya kompyuta yako, yenyewe ndiyo iliyokukaribisha au kukufungia mlango. Kule shuleni mwalimu mkuu aliipandishia miguu baridi ya Juni ilipobana, maana ilikuwa inatoa joto. Kituo cha afya waliiweka stoo katikati ya maboksi ya dripu, na panya walishakula nyaya zake mara mbili. Mashine zote zilikuwa zimechoka. Mzee akaamua kwamba orodha hizo za watumiaji zihamie mtandaoni, zitunzwe kwenye kompyuta za mbali ambazo hazina habari na umeme wa Tabora kukatika.

Aliyeamua ni yeye, aliyehamisha ni mimi. Kwa wanunuzi wa pamba nilikuta watu kumi na mmoja wanaingia kwa jina la karani mmoja aliyekwisha kustaafu na kurudi kwao. Hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Jina lile lilikuwa kama mtungi uliowekwa barazani, mwenye kiu anachota. Nilipomgawia kila mmoja jina lake na neno lake la siri, waliona nimewafarakanisha. Mama mmoja wa stoo aliniuliza kwa huzuni ya kweli kama kuna mtu ameiba. Nilirudia maelezo mpaka koo likakauka, na bado walikwenda kuambiana maneno yao ya siri wakati wa chai, kwa upendo tu.

Sasa, kila orodha iliyohamia huko ilikuwa chini ya ufunguo mkuu mmoja, na ufunguo huo ulikuwa simu yangu. Namba sita zilitokea kwenye kioo chake, zikabadilika kila nusu dakika, na bila namba hizo hakuna aliyeweza kuingia kurekebisha kitu. Mtumishi akikosea neno lake la siri mara tano, amefungiwa nje, na wa kumfungulia ni mimi peke yangu. Na watu wanakosea, jamani. Wanakosea Jumatatu kwa sababu ya Jumapili, wanakosea Ijumaa kwa sababu ya haraka. Simu ililia nikiwa sokoni, nikiwa kanisani kwenye Njia ya Msalaba, nikiwa kwenye kiti cha msusi kichwa nusu kimesukwa.

Niliwaambia watu wote kwamba nimefungwa. Nililia kwa dada zangu, nikamlalamikia mama mwenye nyumba, nikajionea huruma kwelikweli. Nisichomwambia mtu ni kwamba kila wiki ule mfumo ulinitumia ujumbe ukinishauri niongeze msimamizi wa pili, mtu mwingine mwenye simu yake, ashike ufunguo kama wangu. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Kila wiki nilibonyeza palipoandikwa nikumbushwe baadaye. Mzee angeweza kufundishwa. Lakini mimi ni mtoto wa Choma, niliyesoma kwa ada ya kuuza karanga, na sasa mwalimu mkuu mzima alikuwa hafungui kazi yake mpaka anipigie mimi. Utamu huo sikutaka kuugawa.

Karanga zile zilikuwa za bibi. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne, kijijini hapo Choma, ng'ambo ya Igunga, mahali ambapo mtandao hauonekani ila ukipanda juu ya kichuguu kilichoko nyuma ya boma lake. Aliniita mke mwenza, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na nikikosa kuosha vyungu alitangaza kwa majirani kwamba mume wetu kaoa mvivu. Kuanzia mvua za kwanza alikuwa anaumwa. Miguu ilivimba, ikapungua, ikavimba tena. Mjomba wangu alipanda kichuguu kila Jumamosi kunipa habari, na kila Jumamosi swali la bibi lilikuwa lile lile: mke mwenza anakuja lini?

Nilisema nikimaliza kuhamisha ile shule. Nikamaliza shule, nikasema nikimaliza watu wa asali. Sikudanganya, nilikuwa naamini kila nilichosema. Kwake hakuna mtandao, niliwaza, na nikikaa huko siku mbili ofisi tisa zitanitafuta. Mzee mwenyewe aliniambia zaidi ya mara moja niende nikamwone mgonjwa, kazi haina mwisho. Nilimjibu kwamba haiwezekani, na nilimjibu kwa ukali kidogo, kama mtu anayemweleza mtoto.

Ofisi ya mwisho ilikuwa kituo cha afya cha Nzega. Nilikwenda Jumatatu, nikalala kwa mtu tunayefahamiana, na Jumanne kabla ya adhuhuri kazi ilikuwa imekwisha. Mjomba alipiga siku hiyo, na haikuwa Jumamosi. Alisema bibi hali uji. Alisema anauliza. Nilikuwa nimesimama stendi ya Nzega, mkoba mgongoni, na gari la Igunga lilikuwa mbele yangu, kondakta anagonga ubavu na kuita abiria. Kutoka pale hadi kwa bibi, ukipata gari na bodaboda isiyokusumbua, unafika jua bado liko juu. Mjomba aliniuliza niko wapi. Nikamwambia niko Tabora, kazi imenibana, nitakuja mwisho wa wiki.

Sijui kwa nini nilisema Tabora. Najua kwa nini sikupanda lile gari: siku ya kwanza baada ya kuhama ndiyo siku ya makosa mengi, na nilitaka niwepo wakinihitaji. Nikapanda gari la Tabora. Simu ililia mara nne njiani, na kila mara nilijibu kwa sauti ya kuchoka ambayo nilikuwa naipenda.

Bibi alifariki Alhamisi alfajiri.

Mzee alifunga duka aliponiona, akaniombea dua, akasema mazishi hayangoji, niende. Kisha akauliza kwa aibu kama huko kuna mtandao, maana kama wale wa Nzega wakikwama yeye hana la kuwasaidia. Nilimwambia kuna kichuguu.

Nilifika Ijumaa asubuhi, mambo yote yamekwishapangwa. Kaburi lilikuwa limechimbwa nyuma ya boma, hatua chache tu kutoka kwenye kichuguu, kwa hiyo nikiwa nimesimama pale na wafiwa wenzangu simu yangu ilikuwa inapata mtandao wote. Niliishika mkononi ndani ya kanga. Iliguna mara moja, ikaguna tena. Sikupokea, lakini niliinamisha kichwa kuangalia ni nani, na watu wakadhani nalia.

Kwenye msiba wa Mnyamwezi huwezi kukosa watani. Wagogo ni watani wetu tangu babu zetu walipokuwa wanapita kwao na mizigo ya misafara, na mtani msibani ana ruhusa ambayo padri hana. Anamsema marehemu vibaya, anaiga alivyotembea, ananyakua kitu cha mfiwa na hakirudi mpaka kikombolewe. Wewe ukikasirika ndiwe mwenye kosa. Mtani wetu mkubwa pale ni mama mmoja wa Kigogo aliyeolewa mtaa wa pili kabla sijazaliwa, mtu wa rika la bibi, nao walitukanana kwa furaha maisha yao yote. Asubuhi nzima alikuwa anawachekesha watu. Alisema ajuza amekufa kwa uchoyo wa karanga, kwamba sasa atakwenda kuzihesabia mbinguni, na hata mjomba wangu alicheka machozi yakimtoka.

Jeneza lilipoletwa, alikuwa amekwishaingia kaburini. Alishuka na kanga zake, akakaa chini kwenye udongo, akanyoosha miguu, akasema hapa ni pake, hatoki. Watu walicheka, ndivyo watani wanavyofanya. Mjomba alimnyooshea noti. Akaikataa. Wakamwongeza ya pili, akaikataa nayo, akaniita mimi.

Nilisogea mpaka ukingoni. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanyoosha mkono kama anayetaka kuvutwa atoke. Nilipompa mkono alichukua simu. Akaifunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili, akaiweka mapajani.

Alisema hii atazikwa nayo mtani wake, maana ndiyo aliyokuwa anaizungumza kila siku. Mke mwenzake ana simu kubwa, mke mwenzake anashika ofisi tisa. Watu walicheka tena, na mimi nikajitahidi kucheka. Nikamuuliza anataka nini nimkomboe. Akasema hataki kitu changu.

"Nijibu tu nitoke," alisema. "Jumanne huyu alikuwa anauliza uko wapi mpaka sauti ikakauka. Mimi ndiye niliyekuwa namwekea maji mdomoni. Ulikuwa wapi, mtani?"

Aliuliza kwa ile sauti yake ya utani, hakuibadilisha. Ningeweza kusema Tabora. Mjomba alikuwa pembeni yangu, na neno hilo alikwisha kulisikia na kulipeleka kwa bibi kwa mdomo wake mwenyewe. Ningelisema tena, angetoka, tungezika. Niliangalia miguu yake iliyonyooka mle chini na viatu vya plastiki vimejaa udongo, nikaona siwezi.

"Nilikuwa Nzega," nikasema.

Hakuna mtu Choma asiyejua Nzega ilipo. Hakuna aliyecheka. Mjomba aliniachia bega ambalo alikuwa amelishika, hakulisukuma, aliliachia tu, akatazama jeneza. Nilianza kueleza habari za ofisi ya mwisho na watu kusahau maneno yao ya siri, na nikasikia mwenyewe jinsi maelezo yalivyokuwa hayana miguu. Nikasema kwamba ningeweza kumwachia mwingine ufunguo. Nikasema ilikuwa dakika kumi. Nilikuwa nalia sasa, kwa sauti, na nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kumwendea isipokuwa mimi.

Ndani ya kanga simu ikaanza kulia. Ililia mle kaburini, kwa mlio ule wa kengele niliouweka makusudi kwa ajili ya wateja ili nisiukose hata mara moja. Mtani alifungua fundo moja, akafungua la pili. Hakujua kusoma, lakini alikitazama kioo kwa muda.

Aliwashika wachimbaji mikono wakamvuta juu. Alijipangusa udongo, akanijia, akanishikisha simu kiganjani na kunifunga vidole juu yake. Utani ulikuwa umemwisha usoni.

"Pokea," alisema. "Hao wako hai, wanaweza kukungoja."

Alikuwa muuguzi wa Nzega. Alinisalimia vizuri, akaniomba radhi kwa usumbufu, akasema wamekosea mara tano na wagonjwa wamejaa kwenye benchi. Alisikia wimbo wa waombolezaji akauliza kama niko kanisani, basi atapiga baadaye. Nikamwambia hapana, anitajie jina lake la kuingilia. Nilisogea kando, nikampa mgongo bibi yangu ili nisikie vizuri, na muuguzi akawa ananitajia jina herufi moja moja wakati wenzangu wanashusha jeneza na kuanza kufukia.