Nilizima Kijiko Mbele ya Meneja

Siku ya kwanza kazini, kwenye karakana ya mitambo pale Soweto, Mbeya, fomeni alinitazama kuanzia kilemba hadi viatu, akauliza kama nimekuja kuuza maandazi. Nikamjibu nimekuja kutengeneza haidroliki, maandazi akamwombe mkewe. Hakucheka, lakini akanipa spana, na ndiye aliyenifundisha kazi.

Nanyi vijana sikilizeni. Pampu ya haidroliki husukuma oili kwa nguvu ya kuinua ndoo ya kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, ikiwa imejaa udongo. Ukibadilisha pampu, unashusha ndoo mpaka iguse ardhi, unazima injini, unachezesha leva za kuendeshea ili presha iliyobaki kwenye mipira ya oili iishe, ndipo ufungue nati. Unasafisha tangi, unabadilisha chujio, na pampu mpya unaijaza oili kabla ya kuwasha, maana ikizunguka kavu inajila yenyewe. Ukishawasha, unaiacha kwenye sailensa, yaani injini ingurume polepole bila kazi, upepo utoke.

"Na mkono wako kaa nao mbali," fomeni alisema. "Oili yenye presha inapenya ngozi kama sindano. Mtu anadhani kachomwa na mwiba, kumbe kiganja kinaoza."

Miaka ikapita. Nikaahidiwa ufomeni, na nilikuwa naungoja. Ndipo kijiko kilichokuwa kikichimba mfereji wa mpunga huko Usangu kikafa pampu. Wakulima walikuwa wanangoja maji, miche inanyauka, na Meneja wa Mitambo akaja mwenyewe kutusimamia. Mimi na mwenzangu Ambakisye tukafunga pampu mpya kwa utaratibu wote. Tulipowasha, kitu kikalia "ssss" nyuma ya mipira.

"Ambakisye, papasa hapo ujue inavuja wapi," meneja akasema. "Tusipoteze muda."

Wengi walikuwa wanapapasa, wakiita huo ndio ufundi. Ambakisye akaanza kunyoosha mkono. Nikazima injini, nikachomoa ufunguo.

"Mama, washa," meneja akaniambia.

"Siwashi, bosi, mpaka mkono wake utoke hapo."

"Nani bosi hapa?"

"Ni wewe. Lakini mkono ni wake."

Nikamfungia Ambakisye kipande cha boksi kwenye ncha ya ufito mrefu, akasimama mbali, nikawasha, akaupitisha penye mlio. Boksi likatoboka, na oili iliyolitoboa hatukuiona kwa wembamba wake. Nikazima, tukatoa presha, tukakaza kiungo. Kijiko kikarudi mferejini siku hiyo hiyo.

"Asante, dada," Ambakisye akasema. Haukupita muda nikahamishiwa Ipogolo, Iringa, kwa kosa la utovu wa nidhamu, na ufomeni akapewa mwingine. Iliniuma sana, nisiwadanganye. Nikafanya kazi huko mpaka nikastaafu, na sasa naishi Kihesa, Iringa hiyo hiyo.

Siku ya kuniaga kazini, mgeni rasmi alikuwa meneja yule yule. Mkuu wangu wa mwisho akanisogelea na kuninong'oneza, "Mama, sema tu ulikuwa na jazba ya ujana. Mzee afurahi, yaishe."

Nikashika kipaza sauti. Nikasema nilizima ule mtambo nikiwa na akili zangu timamu, na leo ningeuzima tena, hata kama anayenyoosha mkono pale ni meneja mwenyewe.

Ambakisye, aliyesafiri kutoka Mbeya kuja kuniaga, akasimama akapiga makofi. Alipiga peke yake, kwa muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumkalisha.