Gazeti Lililomrudisha Dada kwa Mumewe

Gazeti lenye hadithi yangu lilifika Bariadi kwa basi la kutoka Mwanza. Mwalimu mwenzangu alikuja mbio ofisini akilipeperusha.

"Umetoka! Jina lako hili hapa!"

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, magazeti ya watu binafsi yalipoanza kumiminika kama mitumba. Hili lilikuwa la akina mama: mapishi, mishono, barua za wenye shida za ndoa, na hadithi fupi moja kila toleo. Nilikuwa nimeshawatumia hadithi mbili, wakanyamaza kimya. Ya tatu niliiandika likizo nzima, karani mmoja wa wilaya akanipigia taipu bosi wake aliposafiri, nikaituma kwa rejista.

Ilikuwa habari ya dada yangu. Sikubadilisha mengi zaidi ya majina. Dada aliolewa Nassa, ng'ombe wakaja kwa baba, na mumewe akampiga kwa miaka saba. Siku alipomvunja mkono kwa mpini wa jembe, dada alimfunga mtoto mgongoni akaenda Lamadi, akaanza kupika wali na samaki kando ya barabara kuu. Hadithi yangu iliishia hapo. Lori linasimama, dereva anauliza kuna chakula gani, naye anamjibu huku akichochea moto. Sentensi ile ya mwisho niliifuta na kuiandika upya mara sita.

Nilisoma nimesimama. Maneno yalikuwa yangu mpaka karibu na mwisho. Kisha nikakutana na mwanamke nisiyemjua. Anaota ndoto mbaya. Anamkumbuka mume. Anarudi, anapiga magoti mlangoni, mume anamwinua. Chini, kwa herufi nene: Mvumilivu hula mbivu. Juu, jina langu.

Mwalimu mkuu alinipa mkono. Jumapili, kwenye kikundi cha akina mama kanisani, waliisoma kwa sauti, mke wa mchungaji akasema nimewafundisha. Nami nikasema asante. Mpaka leo ile asante inanichoma.

Niliandika barua kali kwa mhariri. Kabla hajajibu, wakwe wa dada wakaja nyumbani kwa baba, wakidai mke wao au ng'ombe wao. Dada aliitwa kutoka Lamadi. Baada ya salamu shemeji akatoa lile gazeti mfukoni, akampa kaka yake aliyesoma kidogo awasomee wazee. Alisoma polepole, hata kile kipande cha magoti.

"Mdogo wake mwenyewe ndiye aliyeandika," shemeji alisema. "Mwalimu. Sisi tuseme nini tena?"

Baba akanigeukia. "Ni wewe?"

"Ni mimi, baba. Ila mwisho si wangu. Wameubadilisha huko Dar es Salaam."

"Na jina ni la nani?"

"Langu."

Baba mkubwa akacheka. "Watu wa Dar es Salaam wamejuaje kwamba anatakiwa kurudi, kama hukuwaambia wewe?"

Nilitaka kulichana lile gazeti palepale. Dada akasimama. Alikunja mkono wa gauni, akawaonyesha mfupa ulivyounga upande.

"Hili gazeti halikuvunjwa mkono," alisema. "Sirudi."

Akatoka. Nilimkimbilia hadi njiani.

"Dada, walinibadilishia. Mimi nilikuacha Lamadi, unapika, huna habari na mtu."

"Nani alikutuma uniandike?"

"Nilitaka watu wajue ulichofanya."

"Uliniuliza?"

Akaanza tena kutembea, nami nikamfuata.

"Na mkono uliutaja?"

"Niliutaja."

"Basi wewe umenivua nguo mbele za watu, na wao wakanivalisha za kwao. Nyote ni wamoja."

Hakusema nami kwa misimu miwili ya pamba. Baba alirudisha ng'ombe, na kila mmoja aliyetoka zizini alinitazama mimi kwanza.

Jibu la mhariri lilipofika lilikuwa fupi. Wasomaji wetu ni akina mama wenye ndoa zao, aliandika. Hadithi lazima iache fundisho. Karibu utume nyingine. Aliyesaini alikuwa mwanamke. Nilitamani awe mwanamume, ningejua pa kuelekeza hasira yangu. Fundisho gani? Kwamba mtu akivunjwa mkono arudi akavunjwe wa pili? Mtu hajawahi kukanyaga Nassa, anamwinua mwanaume yule, anamfanya mwema kwa kalamu tu!

Sikutuma nyingine. Baada ya miaka michache gazeti likafa kama wenzake wengi, nami nikafurahi, na siombi radhi kwa hilo.

Lakini gazeti halifi majumbani. Nilikuwa Nyalikungu kusahihisha mitihani wakati mama mmoja, mke wa mwenye duka la vitambaa, aliposikia jina langu. Alinishika mikono yote miwili.

"Ni wewe wa ile hadithi? Nilikuwa nimeshafunga mizigo yangu, mwalimu. Nikaisoma, nikafungua mizigo. Nikakaa. Mungu akubariki."

Shingoni, chini ya ushungi, alikuwa na kovu jipya.

"Mama," nilimwambia, "ule mwisho si wangu. Mimi niliandika kwamba hakurudi."

Akacheka akidhani namtania, akanikatia kitambaa cha zawadi. Nilikataa kukipokea. Akaudhika.