Gitaa Lililotangulia Toroli

Jina la Sauti ya Dhahabu alijipa mwenyewe, kwa kuhofia watu wangechelewa kumpa. Kwa miaka mingi aliimba kwenye harusi na sherehe za kuaga wastaafu, na hakuna aliyewahi kumkatiza wimbo. Umeme ukikatika, aliimba gizani. Bwana harusi mmoja alizimia, akatolewa ukumbini kwa kubebwa, na yeye akamalizia ubeti kwa heshima ya familia. Kisha wakaja vijana wenye kompyuta na spika, mialiko ikakauka, akabaki akimwimbia mkewe, ambaye ghafla aligundua ana kazi nyingi jikoni.

Ndipo mkurugenzi wa hospitali aliporudi kutoka semina. Huko alikuwa amesikia kwamba muziki huwapunguzia watoto maumivu, jambo ambalo kila mama aliyewahi kubembeleza mtoto analijua bila kupanda ndege. Kwanza akatundika bango kubwa la Kitengo cha Tiba ya Muziki, kisha akaagiza keki ya uzinduzi, na keki ilipokwisha akakumbuka kwamba hakuna mpigaji. Dereva wake alikuwa shemeji yake Sauti ya Dhahabu. Mambo hayo huenda haraka.

Akapewa wodi ya watoto walioungua. Kazi yake ilikuwa kuimba wakati sista mkuu akibadilisha bandeji, maana hapo ndipo penye maumivu makali. Siku ya kwanza alitangulia mbele ya toroli la dawa, gitaa kifuani, akaachia wimbo wake wa kufungulia ukumbi. Watoto walinyamaza, wakamkodolea macho. Kichwa kikamvimba. Jioni alimwambia mkewe kwamba amepata mashabiki aliokuwa akiwatafuta maisha yake yote.

Juma lililofuata, alipokohoa tu mlangoni, wodi nzima ililipuka kwa kilio. Wengine walijifunika shuka gubigubi. Sauti ya Dhahabu akadhani hawamsikii vizuri, akaongeza sauti. Nao wakaongeza. Binti wa kitanda cha dirishani, aliyeungua mguu kwa maji ya moto, alijirusha huku na huko mpaka ikabidi bandeji iachwe nusu.

"Kidonda kisiposafishwa kitaoza, mama," sista alimwambia bibi wa yule binti. Kisha akamgeukia mwimbaji. "Na wewe kaka, hebu twende nje."

Kwenye korido hakumzungusha. "Unakuja na toroli, unaondoka na toroli. Hawa watoto hawajakuona hata siku moja bila mimi na kibano changu. Kwao gitaa ndilo linaloanza kuuma."

"Kwa hiyo sauti yangu..."

"Sauti yako haina shida. Yaani, ina shida zake, lakini si hiyo."

Ngoma ikivuma sana hupasuka, na hii ilimpasukia mikononi. Kukataliwa na watu wazima alishazoea. Kuogopwa na watoto wasioweza hata kukimbia kulimkata maini.

Kesho yake alikuja mchana, peke yake, akaketi kando ya kitanda cha dirishani. Binti alitazama mlango.

"Toroli liko wapi?"

"Sijui habari zake. Mimi nimekuja kukaza nyuzi."

Akakaza, akaanza kuimba. Hakufika mbali. Binti aliinua mkono. "Nyamaza, babu."

"Mjukuu wangu, mkubwa haambiwi hivyo," bibi akasema kwa aibu.

Lakini Sauti ya Dhahabu alikuwa ameshanyamaza, zaidi kwa mshtuko kuliko kwa adabu. Hilo la kuitwa babu nalo lilimchoma. Binti alimtazama, akautazama mkono wake, akaushusha. "Endelea." Akaendelea. Mkono ukapanda, akanyamaza. Wakacheza hivyo mchana kutwa bila ubeti mmoja kukamilika, na mwimbaji akarudi nyumbani amenuna. Ila kesho yake alirudi, na keshokutwa pia.

Sista aliyaona hayo, na siku ya bandeji ilipofika akamwinamia binti. "Mkono ukiwa juu, babu ananyamaza na mimi naacha. Ukishuka, sote tunaendelea. Sawa?" Mkono ulikaa juu karibu asubuhi nzima. Binti alilia, sista akachelewa vitanda vingine vyote, lakini mguu ulisafishwa wote na hakuna aliyemshikilia.

Mkurugenzi kusikia hivyo akaleta wafadhili, pamoja na mpiga picha. Walijipanga kuzunguka kitanda, watu wazima waliovaa vizuri, na damu ya mwimbaji ikachemka kama zamani. Mcheza kwao hutunzwa. Akachagua wimbo uliokuwa ukiinua watu vitini. Wageni wakapiga makofi kwa mdundo, mkurugenzi akatikisa mabega, sista akaendelea kubandua bandeji taratibu. Wimbo ukapanda kuelekea ile sauti ya juu kabisa ambayo, maisha yake yote, aliiimba macho yakiwa yamefumbwa.

Safari hii hakuyafumba. Mkono wa binti ulikuwa juu.

Akakata wimbo katikati ya neno. Kibano nacho kikasimama.

"Endelea, bwana," mkurugenzi akasema huku akitabasamu kwa meno yote. "Wageni wana ratiba."

Aliitamani sauti ile kuliko kitu chochote. Ilikuwa imeshamfika kooni, na watu wa kuisikia walikuwepo. Akaimeza. Binti alihema, jasho likimtoka puani. Mgeni mmoja alikohoa. Mwishowe mkurugenzi akawaomba wakaone jenereta jipya, wakatoka wote na mpiga picha wao.

Muda ukapita. Mkono ukashuka.

"Endelea, babu. Palepale ulipoachia."

"Inauma sana?"

"Inauma. Endelea tu."

Akaimba ile sauti ya juu, ikatoka imekwaruza kwa sababu alikuwa analia. Hakuna aliyepiga makofi. Mkono wa binti ulilala juu ya shuka, na ukabaki hapo mpaka sista alipotoa kipande cha mwisho.