Majani ya Boga la Bibi

Kuna kijiji kimoja cha Uingereza ninachokifahamu kuliko mtaa ninaoishi, na sijawahi kukanyaga huko. Kina barabara moja tu. Kina kanisa la mawe ambalo saa yake ya mnarani inachelewa dakika kumi, na hakuna anayeirekebisha kwa sababu hata dereva wa basi ameshaizoea. Kuna bwawa la bata, daraja linalopitisha gari moja moja, baa moja, na kilima chenye kondoo wanaosimama kwenye mvua kana kwamba hawaioni. Kijiji kizima, pamoja na hao kondoo, kingeingia kwenye maegesho ya magari ya duka kubwa lililo karibu nami hapa Garland, Texas, na nafasi ikabaki.

Hayo yote niliyapata kwa bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake mwaka 2018. Kazi yangu ilikuwa kumpa dawa, kumpikia, kumsaidia kuoga na kumsikiliza, na hiyo ya mwisho ndiyo iliyokula saa nyingi. Alizaliwa kijijini hapo, akaolewa na mwanajeshi wa Kimarekani, akaletwa Texas akiwa na miaka ishirini na miwili. Sasa alikuwa na themanini na sita, mume alishatangulia, na bado alililalamikia joto kama mtu aliyeshuka kwenye ndege jana. Nilimweleza kwamba kwetu Tanzania mtu wa umri wake haitwi kwa jina, akakubali niwe namwita Bibi.

Mdogo wake wa kike alibaki kijijini. Kila mwaka ndugu hao wawili walipanda maboga ya mbegu moja, mmoja kule, mmoja huku. Mwishoni mwa Agosti kijiji kinapofanya maonyesho ya mboga, kila mmoja analizungushia boga lake kamba tumboni, halafu wanapigiana simu na kulinganisha vipimo. Aliyeshindwa lazima amwambie mwenzake maneno haya: wewe ndiye uliyerithi mkono wa mama. Bibi alikuwa ameyasema kila mwaka tangu aje Texas. Mdogo wake hajawahi kuyasema hata mara moja. Bibi aliniambia waziwazi kwamba anataka kuyasikia kabla hajafa, na kwamba hana haja nyingine kubwa duniani.

Mwaka huo mambo yalikwenda vizuri. Nililifungia boga shuka kuukuu juu yake kuzuia jua, nikawa nalimwagilia kila asubuhi kabla hata sijachemsha chai. Kufika Julai lilikuwa kama sufuria la pilau ya harusi. Bibi alikaa dirishani akilitazama na kulisemesha, na mimi nikaanza kuliamkia.

Halafu ikaja Jumamosi moja. Mwenzangu wa zamu, mama wa Kikongo anayependa sana kanisa lake, alifika mapema kunipokea. Alichungulia uani, akashika kiuno, akaniuliza kwa Kiswahili chao cha kuchanganya na Kifaransa.

"Mais dada, hii mboga yote banaiacha tu?"

Naomba nieleweke. Kwa watu wa kwetu, boga ni majani kwanza, tunda ni nyongeza. Mimi majani yale nilikuwa nayameza kwa macho tangu Mei, nikajizuia kwa aibu tu. Bibi alikuwa amelala. Tukatoka na bakuli moja, kwa nia ya kuchuma machipukizi kidogo.

Kila mtu aliyelelewa na mama mwenye bustani anajua unachuma machanga ya mwishoni, unaliachia boga majani yake makubwa lijilishe. Tulijua wote wawili. Lakini mwenzangu aliwakumbuka wanakwaya wake, mimi nikaikumbuka miaka niliyokaa bila kuonja mboga ile, na maongezi ya nyumbani yakanoga. Bakuli likawa mfuko, mfuko ukawa miwili. Hata yaliyokomaa tuliyachukua, tukasema yatachemshwa. Tuliponyoosha migongo, boga lilikuwa limekaa peke yake uani, uchi wa mnyama, limezungukwa na vijiti.

Nilimenya nyuzi, nikachemsha, nikaunga kwa kitunguu, nyanya na karanga za kusaga. Bibi aliamka, akala, akaomba aongezewe. Akauliza mchicha mtamu namna hiyo nimeununua wapi. Nami, kwa majivuno yote, nikaelekeza mwiko dirishani.

Alitazama nje kwa muda mrefu. Watu wa kijiji kile hawafoki. Alisema chakula kilikuwa kizuri sana, akanishukuru, akaomba nimrudishe chumbani. Nimewahi kufokewa na mwalimu mkuu na nimewahi kufokewa na mama mkwe, lakini sijaogopa kitu kama nilivyoogopa asante ile. Niliingia jikoni nikalia mbele ya masufuria.

Kesho yake nilimweleza kila kitu. Kwamba kwetu hatuchumi yote, kwamba ilikuwa ulafi mtupu, na kwamba akitaka mfanyakazi mwingine nitamwelewa. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza, kwa hiyo boga likichumwa majani yote halikui tena? Nikamjibu kwamba ukuaji ndio umeishia hapo. Akauliza tena kama mboga ile inampendeza kila mtu. Nikasema sijamwona wa kuikataa. Akaniagiza nimletee simu.

Alimpigia mdogo wake, akamtajia mapishi polepole, hatua kwa hatua, mara mbili, mwenzake akiandika. Mimi nilidhani uzee umemlainisha, kwamba ameshasamehe na sasa anatafuta maongezi tu. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa tajiri mwenye moyo mwepesi.

Wiki zilizofuata nilipima kila Jumamosi, na kila Jumamosi kamba ilikomea palepale. Mwenzangu alilipeleka jambo hilo kanisani. Wanakwaya walioila ile mboga waliliombea boga kwa sauti, kwa kuwa nao walijiona wana sehemu katika kosa.

Siku ya maonyesho ilikuwa asubuhi kwetu, mchana kwao. Bibi alivaa gauni la kutokea. Tulimwongelesha mdogo wake kwa spika, na kabla hajataja kipimo alianza kulalamika. Ile mboga, alisema, ni tamu mno. Alimwonjesha kasisi, kasisi akawaambia wapiga kengele, wapiga kengele wakaitangaza baani, na kwa juma zima watu walikuwa wanagonga geti wakiwa na sahani zao. Boga lake lilikwama tangu hapo. Akasoma kipimo. Nilinyoosha kamba yetu mezani juu ya futi. Yetu ilizidi kwa vidole viwili.

Nikaitangaza tofauti hiyo kwenye simu. Kisha ikasikika sauti nyembamba.

"Wewe ndiye uliyerithi mkono wa mama."

Bibi akasema mtandao ni mbaya, arudie. Mtandao ulikuwa safi kabisa. Mdogo wake akarudia, safari hii kwa upole zaidi, na Bibi akanishika mkono, machozi yakamtiririka. Miaka sitini na kitu aliyasubiri maneno yale. Nilifurahi kana kwamba nimeambiwa mimi, nikalia naye.

Tulipokuwa bado tunajifuta, mdogo mtu akaomba kusema na mpishi. Nikasogea. Akauliza kwa adabu kama ni kweli alivyoambiwa na dada yake, kwamba kwetu majani ya boga huchumwa yote kwa pamoja.

Nilimtazama Bibi. Bibi alikuwa anatazama dari, amefumbata mikono kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Mimi nimelelewa na watu wasiowadanganya wazee.

"Ndiyo, Bibi mdogo," nikasema. "Hatubakizi hata moja."