Tembo Aliyevishwa Kanga

"Sema tu ndiyo, mzee wangu! Neno moja. Tunakunywa soda, mgeni anaondoka, maisha yanaendelea."

"Ndiyo nini?" Kasmiri akauliza.

"Ndiyo, mwenyekiti aliuza tembo."

"Enock, una akili timamu wewe? Tembo aliyevaa kanga?"

"Kanga tutaiacha. Tembo tutabaki naye."

Salome, mjumbe aliyekuwa akipanga chupa za soda mezani, aliigonga moja kwa nguvu mpaka povu likapanda. "Muogope Mungu, katibu. Mwenyewe yupo hapa anakusikia."

Mwenyewe alikuwepo kweli. Matayo, mwenyekiti wa Walinzi wa Pori la Kwamgogo, alikaa kwenye benchi karibu na dirisha, kofia yake ya pama magotini, akiitazama barabara ya Sindeni kama mtu anayengoja basi asilotaka kulipanda. Hakusema kitu. Na hicho ndicho kilichomchoma Kasmiri kuliko maneno yote ya Enock, maana Matayo akinyamaza ni kama jogoo aliyenyamaza alfajiri: usiulize saa, uliza nani kachinja.

Kasmiri alikuwa mfuata nyayo wa kikundi. Pale Sindeni walisema anaweza kufuata unyayo wa mbu kutoka sikio la mtu mpaka kwenye dimbwi alikozaliwa, na akifika anamtaja mama yake huyo mbu kwa jina. Hakuzaliwa Mzigua. Alizaliwa Mazinde, kambi ya mkonge, mtoto wa Mnyamwezi aliyeletwa na malori kukata mkonge, akaukata mpaka ukamkata yeye. Kasmiri alipoota ndevu aliukimbia mwiba ule, akatembea hadi Sindeni, na mtu wa kwanza kukutana naye njiani alikuwa Matayo, kijana mwenzake, amebeba gobore la babu yake na paa begani.

"Wewe kabila gani?" Matayo akauliza.

"Mnyamwezi."

"Ahaa! Mtumwa wangu huyo! Nimekutafuta miaka yote hii, ulikimbilia wapi? Haya, beba paa."

Kasmiri akambeba paa. Walipofika nyumbani kwa Matayo alikwenda jikoni moja kwa moja bila kukaribishwa, akakata paja zima akaondoka nalo, na mama yake Matayo akapiga vigelegele, maana mgeni huyu alizijua sheria. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu waliobeba mizigo kwa miguu kwenda pwani. Mtani anakutukana mbele ya wakwe, anakuibia kuku, siku ya msiba wako atavaa suruali yako na kuiga unavyopiga chafya, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, mvua inagoma. Ukimsifia mtani wako mbele ya watu, umemtukana kweli.

Basi wakaishi hivyo. Waliwinda pamoja, wakawakimbia askari wa wanyamapori pamoja, siku moja wakajificha kwenye shimo moja la muhanga mpaka muhanga mwenyewe akaja akabisha hodi. Kasmiri alioa hukohuko, akamwoa Mashavu, na Matayo siku ya ndoa akasimama kanisani kutangaza kwamba bwana harusi ana mkia.

Ndipo wakaja wafadhili.

Walikuja na gari refu jeupe na maneno matamu. Wakasema nyinyi mnaolijua pori ndio mnaofaa kulilinda. Ilikuwa kweli, na watu walifurahi. Lakini kila gari lile lilipokuja liliacha kitu na kuondoka na kitu. Liliacha sare za kijani, likaondoka na jina la kikundi, maana mwanzoni kiliitwa cha wawindaji, na neno hilo, walisema, linawatia kichefuchefu wachangiaji wa huko ng'ambo. Liliacha mahema, likaondoka na mbwa. Liliacha buti, buti nene zenye soli kama matairi ya trekta, na Kasmiri ambaye miguu yake haikuwahi kufungwa tangu Mazinde akajifunza kutembea upya kama mtoto. Kitu kimoja tu kilibaki cha zamani: msako wa mavuno. Siku moja kwa mwaka, kabla mahindi hayajakauka, kwa kibali cha kijiji, watu walitoka pamoja kufukuza nguruwe pori mashambani na kupiga pongo kwa ajili ya kitoweo, na nyama ya kwanza ilikwenda kwa wajane.

Sasa gari liliutaka huo msako, na badala yake wafadhili waliahidi kukiachia kikundi gari lake chenyewe. Na aliyesema hapana alikuwa Matayo. Alisema hapana kwa adabu, akasema hapana tena, na Enock, kijana wa Mkumbara aliyeandika ripoti zote za kikundi na kuvaa saa mikono miwili, akaanza kusema pembeni kwamba kikundi kinahitaji damu mpya.

Hapo ndipo ulimi wa Kasmiri ulipoingia.

Ofisa wa mradi alikuwa mpya, binti mmoja aitwaye Loyce, mpole, anayesikiliza kwa kuinamisha kichwa. Walikuwa wamekaa wakinywa chai baada ya doria, akamwuliza Kasmiri: "Mzee, mwenyekiti wenu ni mtu wa namna gani?"

Jamani! Mtani kuulizwa habari za mtani wake! Angefanyaje? Aseme ni mtu mwema, mwaminifu? Si bora ampige kofi. Kasmiri akashusha kikombe, akaanza.

"Matayo? Mwizi yule. Msimu uliopita kauza tembo mzima kwa mfanyabiashara wa Mombo. Alimfunga kamba ya mkonge shingoni, akamvisha kanga doti tatu, akamtembeza katikati ya Korogwe mchana kweupe. Polisi kizuizini wakauliza, huyu nani? Matayo akasema, mama mkwe wangu, anaumwa, nampeleka hospitali. Polisi wakamwambia tembo, pole mama. Tembo akaitikia, ahsante baba."

Watu walicheka mpaka chai ikatokea puani. Loyce naye alicheka, ila alicheka kwa midomo, macho yalikuwa yanahesabu kitu kingine. Maana msimu ule tembo mmoja, yule wa pembe iliyovunjika, hakuonekana tena Kwamgogo. Tembo huenda anakotaka, hana barua ya ruhusa, lakini huko kwa wafadhili waliuliza yuko wapi.

Siku ya pili Loyce akamkabili Matayo, uso mkavu: "Mwenyekiti, nimesikia uliuza tembo."

"Nani kasema?"

"Mzee Kasmiri."

Na Matayo, kwa kuwa dawa ya uongo wa mtani ni uongo mkubwa zaidi, akaitikia bila kupepesa: "Kakuficha. Niliuza wawili. Wa pili alikuwa mama mkwe wake yeye."

Binti wa watu hakucheka. Aliondoka na hilo kama alivyolisikia: mwenyekiti amekiri, wawili.

Leo ndiyo alikuwa anarudi kumsikia shahidi. Kasmiri akithibitisha, Matayo anatoka, Enock anaingia, na msako wa mavuno unazikwa pamoja na jina la wawindaji.

"Nitamwambia ulikuwa utani," Kasmiri akasema. "Kwisha."

"Utani?" Enock akavuta kiti, akakaa karibu naye, akashusha sauti kama mwana anayemshauri baba. "Mzee, shikamoo yako naiheshimu. Hebu fikiri. Utamwambia Dada Loyce kwamba ulimdanganya usoni huku unakunywa chai yake. Atakuuliza swali moja tu: na zile nyayo unazotuambia kila siku, chui kapita hapa, majangili wamelala pale, nazo ni hadithi? Utajibu nini?"

Kasmiri akayatazama mabuti yake.

"Mfuata nyayo ni mdomo wake. Mdomo ukifa, kazi imekufa. Utarudi Mazinde ukakate mkonge, kwa umri huo? Bi Mashavu atakula utani? Lakini ukikaa na neno lako la kwanza, kwanza hujadanganya mtu. Pili, mkuu wa doria mpya anatafutwa. Sitaki kusema zaidi. Dili limekaa vizuri, mzee baba."

"Nyoka ana adabu kuliko wewe," Salome akasema. "Yeye akitaka kuuma hakuamkii."

"Mama Salome, msako mmoja wa nguruwe unatukosesha gari. Gari! Mjamzito akizidiwa hapa tunambeba kwa baiskeli mpaka barabarani. Mimi nauza mtu au naokoa watu?"

Salome akarudi kwenye chupa zake, maana hilo la baiskeli alilijua, binti yake alijifungulia njiani.

Kasmiri akageukia dirishani. "Matayo. Ongea. Wewe ndiye ulisema wawili! Mwambie huyu binti kwamba mimi mwongo, mlevi, nina mkia. Nitukane, nipate pa kuanzia."

Matayo hakugeuka.

"Kasirika basi! Mtu anakuuzia jina, wewe unatazama barabara!"

"Nikukasirikie, mvua igome?" Matayo akasema taratibu. Akaipapasa kofia yake ukingoni, akaizungusha, akaipapasa tena. "Siwezi kumwambia ulisema uongo. Nikisema hivyo nakufukuzisha kazi mimi. Mashavu ni binti wa kaka yangu. Fanya lililo jema kwako, ndugu Kasmiri."

Ndugu Kasmiri.

Tangu siku ile ya paa begani, Matayo hakuwahi kumwita kwa jina lake. Alimwita mtumwa wangu, alimwita mzigo wa baba, alimwita muhanga, siku mtoto wa Kasmiri alipokufa alikuja amevaa gunia na kumwita mkia mfupi, na katikati ya kilio Kasmiri alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomfikisha asubuhi. Mtani akikuita ndugu kwa adabu, amekufungia mlango na kuweka gogo kwa ndani.

Enock naye alilisikia, ila yeye alilisikia kama ruhusa. "Umeona? Mwenyekiti mwenyewe amekuelewa. Mtu mzima huyu."

Mbali, upande wa bondeni, gari likanguruma. Vumbi likainuka juu ya mikorosho.

"Huyo," Enock akasema, akasimama, akanyoosha shati. "Mama Salome, soda ya mgeni iwe ya baridi. Mzee, kaa hapa mbele. Neno moja tu. Ndiyo."

Kasmiri akakaa mbele. Akainama. Enock akadhani anafunga kamba za buti, akaona vyema, mzee anajiweka sawa. Lakini zile kamba zilikuwa zinafunguka. Kasmiri alilivuta buti la kulia, likagoma, akalikemea kwa Kinyamwezi, likatoka. Akavua la kushoto. Akayasimamisha yote mawili juu ya meza, katikati ya soda na biskuti, mbele kabisa ya kiti cha mgeni, na harufu yake ikapita chumbani kama mjumbe wa tano.

"Unafanya nini?" Enock akaruka. "Vaa viatu, mzee! Mgeni anafika! Mezani, jamani, kwenye chakula!"

"Yalinibana."

"Miaka yote hii?"

"Leo ndiyo nimesikia."

Gari likazima nje. Mlango wake ukafunguliwa. Enock akayakamata yale mabuti, Salome akamshika mkono, wakavutana juu ya sahani ya biskuti bila kutoa sauti, kama watu wanaopigana msibani.

"Yaache," Salome akanong'ona. "Yaache, mwanangu, utapasua chupa."

Kasmiri alisimama. Miguu yake ilikuwa wazi sakafuni, mipana, imepasuka visiginoni, vidole vimetawanyika kila kimoja na njia yake. Hatua zilisikika kwenye kokoto. Akamtazama Matayo, na Matayo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, aliiacha barabara. Alianza kwenye ile miguu. Akaipima, kidole kwa kidole, mpaka uso wake ukalegea.

"Toba," Matayo akasema. "Kumbe ndiyo hii aliyoiona. Ndiyo maana tembo wa watu akahama. Hata mimi ningehama, mtumwa wangu."

Kasmiri akacheka, ila kicheko kilikuwa na maji ndani yake.

"Nyamazeni!" Enock akasema. "Mzee, nakuomba, kwa heshima zote, ukifungua huo mdomo umekwisha. Umenielewa? Umekwisha!"

"Nimekwisha mara ngapi mimi! Nitamwambia kwa mdomo huuhuu," Kasmiri akasema, sauti ikapanda mpaka kwenye mabati. "Nitamwambia, mama, yule tembo nilimzaa mimi, kwa ulimi wangu, na kanga nilimvisha mimi, na kama kuna mtu wa kutoka humu leo basi ni—"

"Hodi," Loyce akasema mlangoni.

Yote alikuwa ameyasikia tangu nje, na hakuna aliyemkaribisha. Alisimama pale na mkoba wake kifuani, akaangalia mabuti mawili mezani, halafu, polepole, miguu ya Kasmiri.